Jina Lisiloandikwa: Kumtafuta Babu wa Italia kutoka Katanga

Miongoni mwa familia za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi zimo zinazojua kwamba babu mmoja alitoka Italia, wala hazijui zaidi ya hapo. Jina lake limebaki nusu, limepindika katika midomo ya vizazi vitatu. Kazi yake inatajwa kwa neno moja, fundi wa ujenzi au mfanyabiashara. Kijiji chake hakitajwi kabisa. Wajukuu wanashika simu, wanaandika jina hilo katika intaneti, wanapata maelfu ya watu wasio wao, kisha wanakata tamaa.

Sisi tunaona kwamba wameanzia pasipo mwanzo. Njia ya kumfikia babu huyo haianzii Italia. Inaanzia kwa bibi, hapa Katanga, na mara nyingi inaanzia katika kitabu cha ubatizo cha parokia. Tutaeleza kwa nini ni hivyo. Tutaeleza pia kwa nini kitabu hicho, mahali palipotakiwa jina la baba, mara nyingi kimenyamaza, na ukimya huo unatudai nini sisi tunaoandika vitabu leo.

Waitalia wa namna mbili

Katanga ya mwanzo haikuwa ya Wabelgiji peke yao. Kampani ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli iliyotoka kusini ilifika Élisabethville mwaka 1910, na mji wenyewe ukaanza kujengwa mwaka huohuo. Pamoja na reli walikuja Waingereza, Wagiriki, Wareno, Wayahudi na Waitalia. Wengi walikuwa wanaume vijana waliosafiri bila wake. Waliokaa waliishi na wanawake wa nchi, wakazaa nao, na ni wachache waliofunga nao ndoa mbele ya sheria.

Katika watu waliotajwa kuwa “Waitalia” tunapaswa kutenganisha mafungu mawili, maana anayeyachanganya hupoteza miaka mingi ya utafiti. Fungu la kwanza ni wale waliozaliwa katika rasi ya Italia yenyewe au katika visiwa vyake vya Sicilia na Sardinia. Hao walikuwa na komini ya kuzaliwa, na kwa kawaida walikuwa na parokia ya kubatizwa.

Fungu la pili ni watu wa kisiwa cha Rhodes na visiwa jirani vya Dodecanese. Visiwa hivyo vilikuwa vya Waturuki hadi Italia ilipoviteka mwaka 1912. Mkataba wa Lausanne wa mwaka 1923 uliithibitishia Italia umiliki wake, na wenyeji wakapata uraia wa Kiitalia wenye mipaka yake. Visiwa vilipewa Ugiriki kwa mkataba wa mwaka 1947. Kwa hiyo Mgiriki au Myahudi aliyetoka huko kati ya vita viwili vikuu aliingia Kongo akiwa na hati za Kiitalia, ijapokuwa nyumbani kwao walisema Kigiriki au Kihispania cha Kiyahudi.

Wayahudi wa Rhodes ndio walioacha alama kubwa katika mji wetu. Sinagogi lao lingali limesimama Lubumbashi, na rabi wao Moïse Levy, mzaliwa wa Rhodes, alifika Élisabethville mwaka 1937. Mwaka uliofuata serikali ya Mussolini ilitunga sheria za ubaguzi dhidi ya Wayahudi, na vijana wengi zaidi wa kisiwa hicho wakatafuta maisha Kongo na Rhodesia. Waliobaki walikamatwa na Wajerumani mwezi Julai 1944, wakapelekwa Auschwitz. Walikuwa zaidi ya 1,600, na ni wachache sana waliorudi. Kwa baadhi ya familia za Katanga, basi, kumtafuta babu “Mwitalia” ni kufika kwenye mtaa ambao watu wake waliuawa. Mtafiti na ajue hilo kabla ya kufungua mlango.

Majina yao nayo yana somo. Hasson au Alhadeff hayatafutwi katika vitabu vya komini ya Toscana au Calabria. Ni majina ya Rhodes, na mengi yalikwenda huko pamoja na Wayahudi waliofukuzwa Hispania mwaka 1492.

Mtoto mwenye ukoo aliyeitwa asiye na ukoo

Sasa tuje kwa mtoto. Kwa Babemba na Balamba, mtoto huhesabiwa upande wa mama. Baba akiwa mgeni, akiondoka au akifa, mtoto habaki bila ukoo: wapo wajomba, yupo bibi, lipo jina. Ndiyo maana watoto wengi wa baba Mzungu walichukua jina la upande wa mama bila kuona kwamba wamepungukiwa.

Mfano unajulikana na wote. Moïse Katumbi, aliyekuwa gavana wa Katanga kuanzia 2007 hadi 2015, alizaliwa Kashobwe mwaka 1964. Baba yake, Nissim Soriano, alikuwa Myahudi wa Rhodes. Anayetafuta jina Soriano katika orodha za magavana wa Katanga hatalipata, na bado undugu huo haukufichika kwa mtu yeyote.

Serikali ya kikoloni ilihesabu kwa namna nyingine. Tangu amri ya Mfalme Leopold II ya mwaka 1890, dola lilijipa ulezi wa watoto walioitwa yatima au waliotelekezwa, na baadaye wametisi wengi, yaani watoto wa baba Mzungu na mama Mwafrika, wakatiwa katika kundi hilo hata mama zao walipokuwa hai. Wengi waliondolewa kwa mama wakapelekwa katika misheni. Baadhi walibadilishiwa majina au tarehe za kuzaliwa. Baba zao hawakuwa Wabelgiji tu. Walikuwamo Wareno, Wagiriki na Waitalia pia.

Kanisa lilishiriki katika jambo hilo, na maaskofu wa Ubelgiji waliomba msamaha mwaka 2017. Bunge la Ubelgiji lilipitisha azimio mwaka 2018, na waziri mkuu Charles Michel aliomba radhi kwa niaba ya dola tarehe 4 Aprili 2019. Tarehe 2 Desemba 2024, Mahakama ya Rufani ya Brussels iliamua kwamba kuwachukua kwa nguvu wanawake watano wametisi wa Kongo, walipokuwa bado watoto, kulikuwa kosa dhidi ya ubinadamu. Tunayataja haya kwa sababu kila anayetafuta babu yake anatembea juu ya ardhi hiyohiyo. Pengine karatasi anayoitafuta haikupotea kwa mvua wala kwa mchwa. Pengine mtu aliamua isiandikwe.

Tukitazama nje ya Kongo, katika makoloni ya Italia yenyewe mambo yalikwenda mbali zaidi. Sheria namba 822 ya tarehe 13 Mei 1940 ilimkataza baba Mwitalia kumkubali kisheria mtoto aliyezaa na mwanamke wa Eritrea, Ethiopia au Somalia. Wajukuu wa Asmara na wajukuu wa Lubumbashi wana swali moja, ingawa ukuta uliowazuia ulijengwa na wajenzi tofauti.

Kwa nini kitabu kilinyamaza

Wengi hudhani kwamba padri mzee aliyeacha nafasi ya baba wazi alifanya hivyo kwa dharau. Huenda wapo waliokuwa na dharau. Lakini ilikuwapo pia sheria. Kanuni ya 777 ya Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1917 iliagiza hivi kuhusu mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa: jina la mama liandikwe ikiwa umama wake unajulikana hadharani, au akiomba mwenyewe kwa maandishi au mbele ya mashahidi wawili. Jina la baba liandikwe ikiwa yeye mwenyewe ameomba vivyo hivyo, au anajulikana kwa hati rasmi. Isipokuwa hivyo, mtoto aandikwe kuwa wa baba asiyejulikana. Kanuni hiyo iliwahusu watoto wote, wa Ulaya na wa Afrika, na nia yake mojawapo ilikuwa kuzuia mtu asisingiziwe. Mkusanyo wa mwaka 1983, katika kanuni ya 877, umehifadhi wazo hilo kwa maneno ya upole zaidi: baba huandikwa kwa hati rasmi au kwa tamko lake mbele ya paroko na mashahidi wawili.

Kwa hiyo maneno “baba hajulikani” yana maana ya kisheria. Hayasemi kwamba mtaa haukumjua. Mara nyingi mtaa mzima ulimjua, na mtoto alikuwa na uso wake. Yanasema tu kwamba baba hakuja, au alikuja wala hakutamka. Msomaji wa kitabu akielewa hivyo atasoma ukimya kama anavyosoma neno: atauliza ni nani aliyekuwapo siku ile, na ni nani aliyekosekana.

Kisha likaja tukio la pili lililokata uzi. Mwaka 1972, katika siasa ya uasilia ya Mobutu, wananchi waliagizwa kuacha majina ya Kikristo na ya kigeni. Kardinali Malula aliipinga hatua hiyo, akalazimika kukaa Roma kwa muda. Waliobeba jina la baba wa kigeni waliliacha. Kengo wa Dondo, aliyekuwa baadaye waziri mkuu, alizaliwa akiitwa Léon Lobitsch, kwa kuwa baba yake alikuwa Myahudi kutoka Poland. Familia zisizo na umaarufu zilifanya vivyo hivyo, bila mwandishi wa habari kuzitazama. Mtu aliyebatizwa kwa jina moja mwaka 1950 aliandikwa kwa jina jingine mwaka 1972, na watoto wake wanajua jina la pili tu. Hata mji ulibadilika: hati nyingi za kabla ya mwaka 1966 zitasema Élisabethville au Jadotville, badala ya Lubumbashi au Likasi.

Tuanzie wapi

Hatua ya kwanza ni wazee, nao hawangoji. Tuwaulize kabla ya kuuliza mtandao. Tusiulize tu “babu aliitwa nani”, kwa kuwa jibu hilo limekwisha chakaa. Tuulize alikuwa akifanya kazi kwa nani, aliishi mtaa gani, alikuja na treni au kwa barabara, alikuwa akisali wapi, ni nani aliyekuwa rafiki yake, aliondoka kabla au baada ya uhuru. Mzee aliyesahau jina huenda anakumbuka duka. Tangu mwaka 2000 mradi wa Mémoires de Lubumbashi, uliozaliwa katika Chuo Kikuu chetu, umekusanya kumbukumbu za wakazi wa mji kwa njia ya maswali ya namna hiyo, na umeonyesha jinsi mzee wa kawaida alivyo na historia ambayo hakuna ofisi inayoitunza.

Hatua ya pili ni kitabu cha ubatizo. Tuombe nakala kamili ya maandishi, pamoja na yaliyoandikwa pembeni, badala ya cheti kifupi. Pembeni ndipo paroko anapotakiwa kuandika kipaimara, ndoa na mabadiliko mengine ya hali ya mbatizwa. Ndoa ikifungwa parokia nyingine, taarifa hurudishwa kwenye parokia ya ubatizo. Kwa njia hiyo mstari mmoja wa pembeni unaweza kumpeleka mtafiti kutoka Lubumbashi hadi Likasi. Tusome pia jina la msimamizi wa ubatizo na la padri aliyebatiza.

Tukumbuke kwamba Katanga iligawanywa kati ya mashirika: Wabenediktini walikuwa Élisabethville, Wasalesiani wa Don Bosco, waliofika mwaka 1911, walipewa eneo la Sakania na Luapula ya juu, na Wafransisko walikuwa magharibi. Kitabu tunachokitafuta huenda kiko katika jimbo jingine kuliko tunavyodhani. Na baba akiwa Myahudi wa Rhodes, ubatizo utatuonyesha mama na mtoto tu. Yeye atatafutwa katika kumbukumbu za jumuiya yake.

Hatua ya tatu ni kazi na dola. Kampani kubwa ziliweka mafaili ya wafanyakazi wao. Nyaraka za serikali ya kikoloni zilizopelekwa Ubelgiji zinahamishiwa katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa huko Brussels, na ofisi hiyo ndiyo iliyopewa jukumu la kuchunguza habari za wametisi kufuatana na azimio la mwaka 2018. Mtu mwenyewe, au watoto wake, wanaweza kuandika kuomba kutafutiwa faili.

Hapo ndipo Italia inapofika zamu yake. Ili kuingia katika vitabu vyake tunahitaji mambo matatu: jina lililoandikwa sawasawa, mwaka wa kuzaliwa hata kwa kukisia, na komini. Hilo la tatu ndilo ufunguo, kwa sababu Italia haina kitabu kimoja cha nchi nzima. Kila komini hutunza vyake, na komini zinapita 7,000. Uandikishaji wa raia kwa nchi iliyoungana ulianza mwaka 1866. Kusini, katika ufalme wa Napoli, ulikuwapo tangu mwaka 1809. Nyuma ya hapo zipo parokia, kwa kuwa Mtaguso wa Trento ulidai vitabu vya ndoa mwaka 1563, na Kitabu cha Ibada cha Roma cha mwaka 1614 kikapanga vitabu vya ubatizo, kipaimara, ndoa, mazishi na hesabu ya waamini nyumba kwa nyumba.

Wizara ya utamaduni ya Italia imefungua tovuti iitwayo Antenati, maana yake “wahenga”, ambamo picha za vitabu vya raia zinasomwa bure. Tovuti ya FamilySearch nayo ina picha nyingi za namna hiyo. Mtu aliyefika Katanga mwaka 1925 akiwa na miaka 25 alizaliwa mwaka 1900, na vitabu vya mwaka huo kwa komini nyingi vimekwisha kupigwa picha. Zipo pia orodha za jeshi: kila kijana wa kiume aliandikwa kwa mwaka wake wa kuzaliwa, pamoja na wazazi wake, kazi yake na kimo chake, hata yule aliyekuwa amekwenda ng’ambo. Kwa bibi aliyesema “alikuwa mrefu, fundi wa mawe”, mstari kama huo ni ushahidi.

Ukoo na pasipoti

Wapo wanaoanza safari hii kwa ajili ya uraia. Hatuwalaumu, lakini tuseme kweli. Kwa sheria ya Italia ya mwaka 2025, anayezaliwa nje ya Italia, akiwa na uraia mwingine, kwa kawaida hatambuliwi kuwa Mwitalia kwa damu isipokuwa mzazi, babu au bibi alikuwa Mwitalia asiye na uraia mwingine. Babu wa babu hatoshi tena. Mtoto ambaye baba hakumkubali kisheria ana mlima mwingine wa kupanda. Nasi Wakongomani tuna sheria ya tarehe 12 Novemba 2004, isemayo kwamba uraia wa Kongo ni mmoja na hauchanganywi na mwingine. Asije mtu akauza shamba kumlipa wakala anayemwahidi pasipoti kwa jina la babu ambaye hana hata mstari mmoja wa maandishi.

Kinachobaki kwa walio wengi ni kujua tu, na kujua kuna adabu yake. Jamaa watakaopatikana Italia huenda hawajawahi kusikia habari zetu. Huenda babu aliacha mke huko. Barua ya kwanza na iwe fupi, yenye heshima, iliyoambatana na ushahidi, isiyodai chochote. Mama wa familia hapa nyumbani naye aulizwe kama yuko tayari mambo haya yasemwe wakati yeye angali hai.

Mtakatifu Mathayo alipoandika ukoo wa Yesu aliwaweka ndani yake Tamari, Rahabu na Ruthu, na mwingine anayetajwa kuwa mke wa Uria, bila jina lake. Hakuusafisha ukoo ili upendeze. Aliandika waliokuwapo, wageni pamoja na wenye aibu, na mahali jina lilipokosekana aliacha alama ya kuonyesha kwamba palikuwa na mtu. Nasi tungependa vitabu vya parokia zetu viwe hivyo.

Kila Jumapili ya ubatizo, katekista ndiye anayeketi na mama kabla ya padri, akiandika majina. Na amweleze baba aliye nje ya ndoa kwamba anaweza kutamka mbele ya paroko na mashahidi wawili, wala hatanyimwa. Aandike jina kama wenyewe wanavyoliandika, asilikate. Aandike kijiji na mtaa, kwa kalamu isiyofutika. Aulize kama taarifa za ndoa zilizofika parokiani zimekwisha kuandikwa pembeni, au zingali katika bahasha kabatini. Katika mji wetu leo wamo wageni wapya kutoka China, India, Lebanoni na Afrika ya Kusini, na wanazaa. Miaka 60 ijayo mjukuu wa mmojawao atakuja kuomba kitabu cha mwaka huu.